Jua Nililolishona Peke Yangu

Nakumbuka Jumapili moja ya mwezi wa sita, hapa hapa Sumbawanga, baridi ile ya kupulizia vidole. Asubuhi nilisifiwa na watu wengi kuliko siku ya harusi yangu, na kabla ya saa sita nilikuwa natamani ardhi ipasuke inimeze. Usicheke bado, mwanangu. Sogeza kigoda, weka hiyo simu chini, nikusimulie. Nimesikia wiki ya pili sasa umejifungia ndani unashona blanketi lako la maonyesho, na wenzako wakija kukugongea unawaambia unaumwa kichwa. Nilipoambiwa nilicheka mwenyewe jikoni mpaka uji ukafurika. Hicho kichwa nakijua. Nami nimeshawahi kuumwa hicho hicho.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimeolewa kutoka kwetu Mwazye, nikaletwa mjini, mtaa wa Majengo, na mume wangu alikuwa dereva wa lori la mahindi, leo yuko Tunduma, kesho yuko Mbeya. Nyumba nzima ni mimi na redio. Kwetu nilizoea kulima na wenzangu, kupepeta ulezi na wenzangu, hata kwenda kisimani ni kundi zima na maneno kibao njiani. Huku mjini nikawa nasalimiana na kuta. Aliyenitoa humo ni jirani yangu Leokadia, fundi cherehani, mwanamke mwembamba aliyekuwa akishonea barazani kwake, na kicheko chake unakisikia hujafika hata kona ya mtaa. Aliniona nimekaa mlangoni siku tatu mfululizo, akaniita. "Wewe Apolonia, utaota mizizi hapo. Alhamisi nakupeleka mahali."

Mahali penyewe palikuwa kwa Bibi Skolastika, nyuma ya kanisa. Bibi huyu alikuwa mjane, mfupi, meno yamebaki machache, lakini sauti yake ungedhani anaongea kwa kipaza. Kila Alhamisi mchana walikutana kwake wanawake watano, sita, wakishona mablanketi ya viraka. Wewe unaijua kazi hii, sina haja ya kukufundisha: mabaki ya vitenge kutoka kwa mafundi unayaunga kwa mkono mpaka yawe shuka moja, katikati unatia blanketi kuukuu, chini kanga iliyochoka, halafu unashona yote matatu pamoja. Baridi yetu ya huku juu unaijua pia. Lakini tusidanganyane, hatukuwa tukishona kwa ajili ya baridi tu. Tulishona kwa sababu ilikuwa raha. Kulikuwa na chai ya tangawizi, viazi vitamu vya kuchemsha, na umbea wa kutosha mtaa mzima.

Bibi Skolastika alikuwa na utaratibu wake. Hakuna kutia uzi kwenye sindano kabla vipande vyote havijatandazwa mkekani. Viroba vinamwagwa, tunakaa kuzunguka, na kila kipande kinainuliwa na kutajwa kimetoka kwa nani. Hiki ni gauni la Mama Yustina alilovaa kubatizia mapacha. Hiki ni cha yule mwalimu aliyehamishiwa Wampembe akatuachia deni la kucheka, maana alikuwa anachekesha. Hiki ni shati la marehemu fulani, mkewe kasema tulitumie, basi tunanyamaza kidogo, tunamwombea, tunaendelea. Saa nzima inakwisha hivyo, na mtu mwenye haraka anaweza kupata wazimu. Vikishatajwa ndipo tunagawana, mmoja mmoja, anayetaka cha njano aombe, anayekitaka naye abishane, mpaka mwafaka upatikane. Mimi nilianza na vitu vidogo, vishikio vya sufuria, foronya, mfuko wa kwendea sokoni ambao mkanda mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Walinicheka mpaka nami nikajicheka. Nilipofika nyumbani siku ile niligundua sikuwasha redio kabisa.

Baada ya mwaka mmoja mkono wangu ukawa mzuri. Nasema mwenyewe kwa sababu ni kweli. Mishono yangu ilikuwa midogo, imenyooka, Leokadia mwenyewe akawa ananionyesha kwa wateja wake. Na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba, maana ilitangazwa kwamba Jumapili ya kushukuru mavuno wanawake wa parokia wataonyesha kazi zao uwanjani, na blanketi litakalopendwa kuliko yote litatundikwa ukutani ukumbini mwaka mzima. Mwaka mzima! Nikajiona nimekaa kwenye kikao, watu wanageuka, "Nani kashona lile?" "Apolonia wa Majengo." Basi, usingizi wa mchana ukaniishia.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Nikawaza, nikienda Alhamisi kama kawaida, nitagawana vitambaa na wenzangu, vile vizuri vitachukuliwa, na jambo nililolifikiria wataliona na kuliiga. Kwa hiyo siku moja, Jumanne, nikapita barazani kwa Leokadia. Hayupo, yuko uani anaangalia maharage yake jikoni, namsikia anavyoimba. Kiroba cha mabaki kiko pembeni ya cherehani. Na juu yake kabisa, mwanangu, kulikuwa na vipande viwili vya kitenge cha njano iliyokolea kama kiini cha yai la kienyeji, kina vimistari vyekundu, na kila kipande kimekatwa duara upande mmoja, upande wa pili kimenyooka. Moyo uliruka. Ukiviweka pamoja unapata jua! Nikajiambia mabaki ni ya wote, mimi natangulia tu. Nikavikunja kwenye kanga pamoja na vingine kama ishirini hivi, nikaondoka kwa miguu ya paka. Mtu anayechukua kilicho halali yake haondoki kwa miguu ya paka, lakini hilo nililijua baadaye.

Wiki tatu nilijifungia. Alhamisi wakinipitia, naumwa kichwa. Alhamisi nyingine, nina unga mashineni. Nikashona anga la bluu, nyanda zetu za kijani, na katikati lile jua la njano, kubwa, limekaa sawasawa. Nilishona peke yangu mpaka shingo ikakakamaa, na hata hivyo siku ziliisha kabla sijatia blanketi la kati na kanga ya chini. Na katika siku hizo hizo, nikiwa bombani, nikasikia habari mbaya za rafiki yangu. Kulikuwa na mama mmoja wa Mwimbi, Mama Gaudensia, shangazi wa bibi harusi fulani, kapeleka kitenge chake kwa Leokadia ashonewe gauni la harusi. Kitenge kilinunuliwa ng'ambo ya mpaka, Zambia, na hakipatikani tena. Leokadia alikikata, na sasa mikono ya gauni imepotea. Amepekua nyumba nzima. Amemshuku hata mbuzi wa jirani. Mama Gaudensia anazunguka mitaani anasema fundi yule ni mwizi wa vitambaa vya watu, na wateja wawili wameshakwenda kuchukua vyao.

Nilimsikitikia sana. Nilirudi nyumbani nikamwombea, kweli kabisa, nikapiga na ishara ya msalaba, halafu nikakaa nikaendelea kushona ile mikono yenyewe! Mwanangu, mimi sikuwa fundi wa nguo. Kwangu mkono wa gauni ni ule uliokwisha kushonwa, unaning'inia begani. Sikujua kwamba mkono mfupi, kabla haujakunjwa, umelala tu mezani, una sura ya nusu duara. Mshonaji yeyote wa pale kwa Bibi Skolastika angeniambia kwa kuutupia jicho moja, na Leokadia angeruka kutoka mkekani kwa furaha.

Jumapili ikafika. Baada ya misa kamba zilifungwa kutoka nguzo ya ukumbi mpaka kwenye uzio, tukatundika. Ilikuwa siku ya kupendeza, usione navyoisimulia kwa kujisuta. Mablanketi yalijaa upepo, watu wanapita na vikombe vya togwa mikononi, wazee wanapapasa pindo kama wanaokagua ng'ombe, kila mmoja ana la kusema. Na kwenye la kwangu walijazana. "Jamani, hili jua mtu akijifunika si ataungua?" Kicheko. "Nani kashona?" Nami nimesimama kando najifanya natengeneza kilemba, lakini masikio yote yako pale. Wenzangu wa Alhamisi walikuja pia. Mama Yustina akanibusu. Leokadia alikuwa upande wa pili ananing'iniza blanketi lake dogo, amekonda wiki tatu hizo, na sura haina kicheko.

Mara akaja mama mmoja, mrefu, mpana, amesimama mbele ya blanketi langu. Akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia. Akanyoosha mkono akalipima jua kwa shubiri. Nikasogea nipokee sifa. "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Akageuka akasema kwa sauti iliyofika barabarani, "Hii ni mikono ya gauni langu!"

Alikuwa Mama Gaudensia mwenyewe. Akatupa macho, akamwona Leokadia, akamwendea kama mvua ya mawe. "Kumbe! Wiki tatu unanizungusha, mara umetafuta, mara mbuzi, kumbe umempa shoga yako anashonea jua! Harusi Jumamosi, mimi nivae nini?"

Leokadia akalitazama blanketi. Akanitazama mimi. Nilimwona anavyoelewa, kidogo kidogo, mpaka mwisho. Pale ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilifikiria ule ukuta wa ukumbini, nikafikiria macho ya watu wote wale, nikanyamaza. Na yeye, yule yule niliyemwibia, akamgeukia Mama Gaudensia akasema, "Ni kosa langu, mama. Nilichanganya mikono yako na mabaki, nikampa mwenzangu bila kuangalia. Yeye hajui lolote. Nisamehe."

Nimeishi miaka mingi baada ya siku hiyo na sijawahi kuona aibu kama ile. Mwanamke mmoja nyuma yangu akamnong'oneza mwenzake kwamba kesho asubuhi atakwenda kuchukua kitambaa chake kwa fundi huyo. Nilimsikia vizuri. Nikaona wazi kwamba nikinyamaza dakika moja zaidi, Leokadia atabaki na cherehani isiyo na kazi, na mimi nitabaki na ukuta. Nikasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "Hakunipa! Nilichukua mwenyewe. Alikuwa jikoni, nikaingia barazani kwake nikavitia kwenye kanga nikaondoka. Yeye hana kosa hata la sindano."

Nikaanza kulia, na kulia kwangu si kwa kupendeza. Ndipo Bibi Skolastika akapenya katikati ya watu, akaja mpaka mbele yangu. Nilingojea anitukane. Hakunitukana. Akaniuliza, "Apolonia, wiki tatu ulizokuwa unashona peke yako, umecheka mara ngapi?"

Nikatafuta jibu. Nikatafuta kweli, mwanangu, maana nilitaka kumpa angalau moja. "Hata mara moja, bibi."

"Loo! Sisi huku tumecheka mpaka Mama Yustina kajidunga sindano kidoleni. Umejinyima mwenyewe, umemtia mwenzako matatani, na yote kwa ajili ya ukuta. Hilo la kuchukua bila kuomba, ni lako na Leokadia, mtalimaliza wenyewe. Mimi nataka mkeka. Leteni mkeka! Tunafumua."

Basi tukakaa pale pale uwanjani, mbele ya parokia nzima, tukaanza kufumua lile jua. Ile mishono yangu midogo niliyojisifu nayo ndiyo iliyotutesa, maana haikushikika kwa ncha ya sindano. Bibi Skolastika akasema, "Sasa tunalipia uhodari wako." Mama Gaudensia alikaa nasi kuilinda mikono yake, baadaye akashika sindano naye, baadaye akaanza kutuhadithia shemeji yake aliyevaa suti ya kuazima mpaka mwenyewe akaja kuidai kanisani. Tukacheka. Nikacheka na machozi hayajakauka. Leokadia alikuwa amekaa ubavuni kwangu, anafumua, halafu akaniambia polepole, "Kwa nini hukuniomba? Ningekupa kiroba kizima."

Nikamwomba radhi. Sikuwa na maneno mazuri, nilisema tu nisamehe, nisamehe, mara nyingi. Akanifuta pua kwa pindo la kanga yake kama mtoto. "Alhamisi uje," akasema. "Bila wewe tumekosa wa kumcheka."

Mikono ilitoka mizima, haikukatwa popote, ina vitundu vya sindano tu. Nilifikiri blanketi langu litakunjwa lirudi nyumbani kwa aibu, lakini Bibi Skolastika aliamuru litundikwe tena hivyo hivyo, na tundu lake katikati. Mama Gaudensia akaenda nyuma yake akatoa uso kwenye lile tundu akapiga kelele, "Haya, nisifuni na mimi!" Watu waliangua kicheko mpaka togwa ikamwagika. Ukutani lilitundikwa blanketi la Mama Yustina, na lilistahili. Jumatatu nilikaa barazani kwa Leokadia kutwa nzima nikimpigia pasi na kumkunjia pindo, na kila mteja aliyepita nilimweleza mwenyewe kwa mdomo wangu yaliyotokea. Wale wawili walirudisha vitambaa vyao. Jumamosi Mama Gaudensia alicheza kwenye ile harusi mpaka wapiga ngoma wakaomba maji.

Alhamisi iliyofuata nilitandaza vipande vyangu mkekani, vyote, na tukalijaza lile tundu pamoja. Kila mmoja alitoa kipande chake. Jua lililopatikana ni la ajabu, upande mmoja mraba, upande mwingine limevimba, na rangi zake hazipatani hata kidogo. Ndilo blanketi walilokulia wanangu wote, na hawakuwahi kuniuliza kwa nini jua limepinda.

Sasa, mwanangu, nikwambie ninachotaka kukwambia, maana chai inapoa. Kushona huku si kazi ya kukupatia jina. Ukitaka jina, yako mambo mengi ya kukupatia. Hii ni raha, na raha hii haishonwi na mtu mmoja. Peleka vitambaa vyako kwa wenzako wakiwa bado hawajui utafanya nini navyo. Waache wabishe, waache waseme hiki hakikai hapa, waache wakuibie na fikra yako ukipenda, utapata nyingine. Maonyesho yenu yatakuja, utafurahi, utapiga picha, sawa, hakuna ubaya. Ila usimfiche rafiki kwa ajili ya kumshinda. Na kama umechukua kitu cha mtu kwa miguu ya paka, usinigeuzie uso, nasema kama tu, kirudishe leo hii kabla mwenyewe hajaanza kukutetea. Kutetewa na mtu uliyemkosea kunauma kuliko kutukanwa. Mimi nilionja, sitaki uonje.

Leokadia yupo, unamfahamu, macho yamechoka na mimi ndiye ninayemtungia uzi. Nikimkosea siku hizi namwambia siku hiyo hiyo, na yeye ananisema mpaka anatosheka, kisha tunaendelea.

Nenda, mwanangu. Kawafungulie wenzako mlango, wale wamesimama hapo nje tangu nilipoanza kusimulia, nawasikia wanavyocheka. Mungu akujalie macho ya kuona tundu la sindano mpaka uzee, akupe vidole visivyokakamaa kwa baridi ya Ufipa, na akupe rafiki kama niliyepewa mimi, na zaidi ya hayo akujalie usimfanye asimame mbele ya watu kusema uongo kwa ajili yako. Amina. Haya, inuka, unawangojesha.